Bei ya Mbwa wa Mzee Salvatory

Mama Violet mkwe wangu,

Maharage yako jikoni, usiyaunguze kama ya juzi.

Asubuhi Mzee Salvatory alimleta mbwa wake tumtunzie, maana anakwenda kulazwa Songea. Akasoma kibao chako cha bei ya kutunza mbwa, shilingi elfu mbili kwa siku, akageuka naye bila kubisha hodi; nilimwona dirishani. Nikaona haya. Nilipofiwa alinichungia mbuzi wangu hadi arobaini, akataka usipa, dagaa wa ziwani, sahani moja tu, tukaula pamoja tukicheka.

~~Kichome hicho kibao.~~ Kiache, wanunuzi binafsi wa kahawa wanaotuachia mbwa walipe, wana magari. Mimi namkimbilia mzee stendi, basi halipakii mbwa. Akirudi atanilipa usipa. Asiporudi, mbwa ni wangu, na usimwandikie bei.

Bibi Violet