Hudoq Aliyeyumba

Salma mjukuu wangu,

Sisi wa Jeddah tu wazima, ila miguu yangu imeshaniaga. Umeuliza kutoka Riyadh ni nani yule mfupi, mwenye kinyago cha boksi la tende na majani ya mgomba, anayecheza na Lina, msaidizi wetu, kwenye video. Nakiri kabla sijafa: ni mimi.

Kwao Lina, Borneo, Wadayak wenzake hucheza hudoq, ngoma ya vinyago, wakipanda mpunga, kuwafukuza panya. Safari hii nyumba ya mama yake haikuwa na mchezaji, Lina akawa analia. Nikaukata mgomba wangu.

"Bibi, usicheke! Panya hawamwogopi anayecheka!"

"Meno yenyewe mawili, watayaona wapi humu ndani ya boksi?"

Tukamtumia mama yake video. Akajibu, "Yule anayeyumba ndiye hudoq hasa. Arudi mwakani."

Daktari hakunipa mwakani, Salma. Mama huyu kanipa.

Bibi yako akupendaye