Valvu Uliyonificha

Mama,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea tu, najua hutaitikia.

Arobaini yako ilipokwisha tuligawa nguo zako. Kutoka ndani ya debe la mbegu za mahindi, mdogo wangu Mwanaidi akatoa kadi yako ya hospitali ya Korogwe. Imeandikwa valvu ya moyo haifungi vizuri, urudi kila baada ya miezi mitatu. Hukurudi. Akanieleza yote huku analia. Daktari alikwambia ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, watoto nao wapimwe. Wewe ukaona kadi ikijulikana, mwanao rubani atashushwa kwenye ndege. Ukamwambia Mwanaidi, "Kaka yako asijue. Wasije wakamkatia riziki." Kijiji kizima cha Sindeni tukasema una presha, mpaka ukaanguka shambani, jembe mkononi.

Hasira ninayo, Mama. Wewe uliyenichapa kwa kusema nimekula wakati sijala.

Mwezi uliopita nilikwenda kuhuisha cheti changu cha afya ya urubani. Fomu inauliza kama kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa moyo. Miaka yote nilijaza hapana. Safari hii nikajaza ndiyo. Wakaupiga moyo wangu picha. Valvu yangu ina vilango viwili badala ya vitatu. Wakanisimamisha kuruka.

Baada ya wiki tatu daktari wa marubani akaniita. Valvu haivuji, wala haijabana. Nitaruka, ila pamoja na rubani mwenzangu, na nipimwe kila mwaka. Basi. Nikamsimulia habari zako. Akavua miwani, akasema, "Kadi ya mama yako isingefika hapa kamwe. Angeendelea tu na kliniki." Nililia mbele yake bila haya.

Ningeiacha ndege, Mama. Ningerudi nilime mihogo, wewe ukinikosoa matuta. Mbona hukuniuliza?

Jana nimekuja nyumbani kumweleza Mwanaidi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mwaka wa pili sasa, akipanda mlima na ndoo ya maji, pumzi humkatika. Alininyamazia kwa sababu na hilo ulimwapisha asiniambie.

Kiapo hicho nimekivunja, unisamehe. Kesho asubuhi tunapanda basi la Korogwe, na kila tarehe watakayompa nitampeleka mwenyewe, hata ikibidi niombe ruhusa kazini. Nakuahidi.

Pumzika, Mama. Mwanaidi sikupi.

Mwanao,
Rajabu