Baba Uwaifo, Uliyezima Jenereta

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ututoke hapa mtaani kwetu Benin City, na hatujazoea bado.

Tusikupambe kwa kuwa umelala. Kwa makelele ulikuwa hatari. Jenereta lako lilitikisa vyombo kabatini, na jirani yetu Bwana Ebohon aliponunua kubwa zaidi, ulitoboa bomba la moshi la jenereta lako makusudi ili lizidi kusikika. Watu wazima na ndevu zenu! Mtaa mzima ukawa unaamkiana kwa kupigiana kelele.

Kisha presha ya Mama ikapanda. Daktari akasema asipopata usingizi tutampoteza. Siku hiyo ulikula eba, ugali wetu wa muhogo, bila kuilalamikia supu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Ilipofika saa mbili usiku ukaenda uani, ukazima.

Muda si muda, Ebohon na mkewe wakabisha hodi wamebeba viti vya msiba, maana nyumba yako kuwa kimya ilikuwa na maana moja tu. Ukafungua mwenyewe, kijiti mdomoni.

"Ala! Kumbe u hai?"

"Ulitaka nife nikuachie mtaa?"

"Basi umefulia. Sema tu, mzee mwenzangu, tukuchangie."

"Sijafulia. Mke wangu anataka kulala. Karibuni mkae, ila semeni polepole."

Sisi wanao ndio tulionuna zaidi. Efosa alikwambia haina maana, jenereta la Ebohon bado linanguruma, na mtaa wa vichwa vigumu namna hii haubadiliki. Ukamjibu, "Nani kakwambia naubadili mtaa? Mimi nimezima langu. Lete tochi."

Hukwenda kumwomba Ebohon hata siku moja. Ulikaa barazani gizani ukijipepea, huku Mama akigeuka geuka kitandani, nasi roho mkononi. Ebohon naye, kwa kubaki peke yake na taa, akaletewa simu za mtaa mzima azichaji. Mbu wote wakahamia kwake. Mama mkwe wake akaja kutazama tamthilia, akagoma kuondoka. Wiki haikuisha akazima, eti mafuta yamemwishia. Wengine wakafuata, kila mmoja na kisingizio chake.

Kimya kilipoingia, makubwa! Tukasikia ugomvi wa kila nyumba: nani kaficha nyama, nani kapanda kitandani bila kuoga. Kwa aibu watu wakajifunza kugombana kwa kunong'ona, na ukinong'ona, Baba, hasira inakuwa ngumu kuishikilia. Wengi waliishia kucheka. Mtaa wa nyuma nao ukaiga.

Mwezi uliopita Ebohon alihamia ng'ambo ya mto Ikpoba. Anazima saa mbili, na kule wanamwita mwendawazimu. Anasema watazoea tu.

Presha ya Mama imeshuka. Analala usiku kucha, kama ulivyotaka. Ila kila asubuhi tunamkuta amejibana ukutani, upande wake uleule, nafasi yako ameiacha wazi. Tulimwambia ajinyooshe, kitanda sasa ni chake chote. Akatufukuza chumbani.

Unakumbukwa na mkeo Itohan, wanao Isoken, Efosa na Nosakhare, wajukuu zako wote, Bwana Ebohon, aliyeshikilia jina lake litangulie ya shemeji, na shemeji zako wote.

Hutatutoka moyoni, Baba, maisha yetu yote.