Kwa Nini Mashini Yako Ililala Ubavu

Yaya Kambale, kaka yangu,

Nimeifungua. Ulisema siku moja nitaifungua mimi mwenyewe nione, na sasa nimeona, na weye hauko hapa nikupige ngumi ya bega. Kwa hiyo nakuandikia.

Unajua ninasema nini. Toka uliponunua vipande vyake kule sokoni Birere, kimoja leo, kingine mwezi ujao, mashini yako ya michezo ililala ubavu juu ya meza ya salo, pale wageni wanapokaa, mbele ya kila mutu. Kompyuta za watu wengine zinasimama. Ya kwako ililala kama mbuzi aliyeshiba. Nikikuuliza kwa nini, ulinitazama na ule ukora wako: "Masika, siku utaifungua weye mwenyewe utaona." Kisha unanipa manette ya pili ya kuchezea, unanifunga mabao, unaimba. Kaka mubaya! Sasa hata kule kuimba kwako kubaya nakutaka.

Ngoja nikuambie mambo yalivyokwenda. Homa ilipokuchukua, nyumba yetu ya mtaa wa Mapendo ilijaa watu wa kilio. Mama alisogeza viti, alipangusa kila kitu. Alipofika kwa mashini yako aliona haya: wageni wanakuja kukulilia, na kitu chako kinalala ovyo namna hii? Akaisimamisha vizuri kwa pembe ya salo, akaifunika kitenge chake cha buluu. Sisi wote tuliona ni heshima.

Toka hapo haikuwaka tena. Ukibonyeza, feni zinazunguka, ekra, kile kioo cha picha, inabaki nyeusi, basi. Mama alisema imekufuata. Majirani walitingisha vichwa wakakubali. Mimi, eh, unanijua, sikukubali. Tangu lini chuma kikalilia mutu? Nilibadilisha kebo. Nilipangusa ile vumbi nyeusi ya volkano iliyojaa kwenye matundu ya nyuma. Niliomba kwa rafiki ekra nyingine, nikajaribu nayo. Wapi! Yaya, ilibaki kidogo niamini maneno ya Mama.

Kisha Shangazi akatuma habari toka Butembo: anakuja kumaliza kilio, na vitu vyako vitagawanywa. Unamujua Shangazi. Mashati kwa huyu, viatu kwa yule, na kitu cha marehemu kisichofanya kazi hakibaki ndani ya nyumba. Kama mashini haiwaki, irudi Birere ivunjwe, iuzwe vipande vipande. Hapo roho iliniuma. Mashati nilikubali. Ile, hapana.

Siku zile nilikuwa ninajenga mashini yangu mpya, ya ile michezo mikubwa ambayo yako ilikuwa inakwama-kwama. Usicheke. Kasha lake lina kioo upande mumoja, na taa za ndani zinabadilisha rangi, ungesema ni harusi. Nilifunga kila kipande mwenyewe kwa turunevisi yako, ile bisibisi ya mushikio mwekundu. Processeur, ule ubongo wa mashini, niliiweka nimebana pumzi, kama ulivyonifundisha. Mbele ya feni nilivuta soksi nyembamba ya Mama ya kwenda nayo misa, izuie vumbi. Ile mbinu yako, na Mama bado hajui soksi zake zinaishia wapi. Ikawaka mara ya kwanza! Nikapiga kelele, nikageuka nyuma kukuonyesha. Hapo nililia.

Ilibaki kuhamisha michezo yetu toka disque yako, mahali mashini inapoweka kila kitu. Basi nikailaza mashini yako kwenye mukeka, nikafungua visi zake kwa turunevisi, nikatoa mufuniko. Kabla ya kugusa disque nikasema, acha nijaribu mara ya mwisho, nione ndani kunafanyika nini. Nikaunga umeme na ekra. Nikabonyeza.

Yesu wangu! Picha ikatokea. Ile yako ya kule ziwani Vitshumbi, umeinua samaki, na ndege marabu nyuma yako anataka kukunyang'anya.

Nikaisimamisha: ekra ikazimika. Nikailaza, nikawasha upya: weye na samaki wako. Nikachungulia kwa tochi ya simu. Carte graphique yako, ile inayochora picha za mchezo, ni nzito kama tofali, na mahali inapochomekwa pana ufa. Mashini ikisimama, carte inaning'inia, inachomoka kidogo. Mashini ikilala, carte inakaa wima mahali pake, sawasawa. Njo hiyo tu! Walikuuzia kitu chenye ufa, na weye hukugombana na mutu. Uliilaza, ukaendelea kunifunga mabao.

Nilicheka mpaka Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Nikamuonyesha: hivi inazimika, hivi inawaka. Kisha akasema, "Kumbe ni mimi." Sauti ilikuwa ndogo sana. Akapangusa mikono, akainama, akaweka kiganja juu ya bati, akasikia joto lake. "Inapumua," akasema. Akaenda kuleta kile kitenge cha buluu, akakikunja, akakitandika mezani, tukailaza juu yake.

Michezo nimeihamisha kwangu. Yako sasa ni ya Mama. Nimemuwekea nyimbo za mazoezi ya kwaya, na anazifungua mwenyewe kwa kidole kimoja, anaimba sauti ya pili huku anachambua majani ya sombe. Siku Shangazi aliingia, hata kiti hajakalia, akauliza, "Na hii mbona mumeitupa hivi? Isimamisheni." Na Mama, unajua Mama hajawahi kumujibu wifi yake, akasema, "Hapana. Italala hivyo hivyo. Ni mutoto wangu aliipanga." Yaya, nilitazama chini nisicheke. Shangazi alikaa, akasikiliza, akanywa chai. Mwisho akaomba ule wimbo wa Kinande urudiwe. Mashati yako yameondoka. Mashini imebaki.

Lakini nina maswali bado. Mbona hukuniambia? Uliona haya kwamba walikudanganya Birere, ama ulitaka tu nifike mwenyewe? Na soksi ya kwanza uliiba wapi, kwa kamba ya kuanikia ama ndani ya kabati? Nikipangusa mashini yako ninakuuliza kwa sauti, Mama ananiangalia.

Pumzika, kaka yangu. Aksanti kwa manette ya pili. Nakuahidi mashini haitasimama tena maadamu niko hai. Na mutu akija hapa akaniuliza kwa nini inalala, mimi sitamuambia siku moja utaona. Nitamupa turunevisi palepale.

Masika, dada yako