Ni Ubongo, Mama, si Kichwa

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu wako umepata nafuu na korosho zimeanikwa kabla mvua haijaziwahi. Mimi mwili mzima, ila hasira zimenifika kooni. Mwalimu unayemsomea mama barua hii, nakuomba usiruke neno, maana neno moja tu ndilo lililoniponza.

Umeniletea habari kwamba nimekiuza kichwa cha mdogo wangu Saidi kwa mumiani, na kwamba nisikanyage tena uani kwako. Lo! Mama, wewe uliyenizaa, umesadiki maneno ya taniboi wa lori?

Sikiliza. Saidi alipofariki hospitali, daktari Mzungu alitoka kuzungumza nami. Kiswahili chake ni cha kubahatisha, kwa hiyo akamwita karani atafsiri. Karani yule, tai shingoni, akapaza sauti mbele ya watu wote: "Daktari anaomba kichwa cha marehemu akipime."

Weee! Wifi yako, shangazi Binti Chande, alipiga yowe akatoka mbio, khanga moja ikabaki kwenye benchi. "Mumiani! Wanamkata mtoto wetu!" Nilimfukuzia hadi Mchafukoge nisimpate. Nilipofika nyumbani mtaa mzima ulikwisha jua, na taniboi wenu alikuwa anapakia mizigo ya kusini.

Kichwa Saidi kazikwa nacho. Nilimwosha mwenyewe, nikamvika sanda, nikamlaza kuelekea kibla. Kilichoombwa ni ubongo, ule ulio ndani ya fuvu. Daktari anataka kuuchunguza apate kujua wazimu unaanzia wapi.

Na huo, Mama, nimeutoa. Sikuuza, nimeutoa bure. Sheikh alinuna, lakini alimswalia. Kelele zote hizi, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza Saidi mwenyewe alitaka nini!

Alitaka. Siku moja alipotulia alinishika mkono, akasema, "Kaka, hizi sauti haziniachi. Nikifa, waache wanitazame ndani. Mwanangu Mwajuma asije akazisikia." Nikabishana naye, nikamwambia atapona, aache maneno ya mkosi. Akasema, "Niapie." Nikaapa.

Daktari kanieleza wazi kwamba huenda asione kitu. Basi nisemeni mnavyotaka. Nimechoka kujieleza, Mama, hata muuza vitumbua ananiuliza. Na inaniuma zaidi kwamba nimemlilia ndugu yangu peke yangu, huku nyinyi mkinililia mimi kama mwuaji.

Msalimie dada yangu mkubwa na shemeji. Mjomba aliyesema hataki salamu zangu, mpe hivyo hivyo. Mwajuma, huyo mtoto wa marehemu unayemlea, umpakate kwa ajili yangu. Akikuuliza kichwani mwa baba yake mlikuwa na nini, mwambie alikuwamo yeye.

Ni mimi mwanao, hata ukininunia,

Athumani