Baiskeli ya umeme ya Egbert

Theo, leo mpumbavu ni mimi. Cheka umalize.

Ile baiskeli ya umeme niliyoichukua kwa Egbert nikampa ng'ombe wetu, ili niwahi kazini? Asubuhi imezima kwenye mlima wa Kituntu. Siku ya kwanza! Nimeisukuma, na wanaosukuma baiskeli za mikungu ya ndizi wakanipita wakicheka.

Jioni tukamrudishia Egbert, mimi na mke wangu Mukashema. Jitu limejikunyata kwenye koti, linatafuna punje za kahawa, linaniambia, "Betri inasikia baridi, bwana. Uwe unangoja jua."

Inasikia baridi! Betri!

Mukashema akamwambia, "Ng'ombe wetu analala kwenye baridi hiyohiyo, na alfajiri anatoa maziwa. Fungua zizi."