Namba saba kwenye orodha yangu

Mwenzangu, uko? Usinipigie, niko chooni kazini, nalia.

Unakumbuka ile makala yangu ya mahali pazuri pa kupiga kasia ukiwa umesimama juu ya ubao? Ile iliyosomwa sana, nikakutambia wiki nzima?

Leo kaja mama mmoja, kaichapisha kwenye karatasi. "Ni wewe uliyeandika?" Mimi meno yote nje: "Ndiyo dada, umeipenda?"

Akasema, "Mume wangu aliipenda."

ALIIPENDA. Na mimi bado natabasamu!

Alikwenda namba saba, lile bwawa la umeme. Niliandika kwamba maji yametulia, hata anayeanza hana cha kuogopa. Kumbe kila mchana milango ya bwawa hufunguliwa, maji yanavuta vibaya. Ubao ulipatikana siku ileile. Yeye, siku ya tatu.

Hakupiga kelele. Kaniuliza jambo moja tu: "Wewe ulifika huko?"

Bosi, aliyekaa kando yangu, akawahi: "Waandishi wetu hufika kila mahali, mama." Huku ananikanyaga mguu chini ya meza.

Nikasema sijafika. Niliona picha tu, nikapapenda.

 Akaweka ile karatasi mezani. "Liandike hilo hapa, utie sahihi. Wanangu wanadhani baba yao alikuwa mzembe."

Nikaandika. Bosi ananiambia niache, mimi naandika.

Akaisoma, akaikunja, akasema asante.

Asante, mwenzangu! Bora angenizaba kofi.